Hedseti ya Kiti cha Kulia

Ng'ombe wakiingia kiwanjani, Costancia hakimbii. Ukikimbia, ng'ombe naye hukimbia, na hukimbilia palepale ndege inapotaka kutua. Huenda polepole, fimbo begani, akipiga mluzi kama wafugaji wenyewe, mpaka mkia wa mwisho uvuke mfereji. Hapo hupandisha kitambaa cheupe juu ya mti, na Mzee Ditram, aliyekuwa akizunguka juu kwa subira, hushuka.

Huu ni mwaka wa nne anafanya kazi hiyo. Anafyeka nyasi za kiwanja cha shamba la mkonge lililokufa, nje kidogo ya Kilosa, na kufukuza ng'ombe, ngiri na nyani siku ndege inaporuka. Ndege yenyewe ni moja, ndogo, ya viti viwili. Mzee Ditram alikuwa mpima ardhi. Alipostaafu akajifunza urubani kwa raha yake tu. Habebi mizigo wala watalii. Hupaa, akaenda Mikumi, akanywa chai na marubani wenzake, akarudi.

"Mtu mzima anachoma mafuta kwenda kunywa chai," Domina, muuza chapati wa pale njia panda, hupenda kusema. "Na chai ninayo mimi hapa."

"Mwambie mwenyewe."

"Nimwambie vipi, na hasikii?"

Kweli hasikii vizuri. Injini imemla masikio. Ukimsalimia shikamoo akiwa ameshuka sasa hivi, atakujibu kwamba mvua haijanyesha Mikumi.

Costancia watu humwita Mama Loveth. Jina la mtoto wake linatajwa mara ishirini kwa siku na watu ambao hawajui kwamba mtoto mwenyewe hayupo. Costancia mwenyewe alizaliwa kambini, palepale kwenye mkonge, maana baba yake, Lupakisyo, alitoka Rungwe kuja kukata majani ya mkonge na hakurudi tena kwao. Wadogo zake walikwenda shule. Yeye alibaki kuwapikia, na hakuna aliyemuuliza kama anaona sawa. Akaolewa Masanze na Hezekia, mtu wa milimani, Mwanglikana, mpole. Walilima pamoja miaka kumi na tisa. Loveth alikufa akiwa na miaka tisa, homa ya siku tatu, wakamzika mwisho wa shamba, upande wa bondeni.

Kisha Hezekia naye akafa, na hapo ndipo Costancia alipojua ameishi kwa nani. Kwa watu wale, ukoo hufuata mama, na shamba la marehemu huenda kwa watoto wa dada yake. Mpwa mkubwa, Amon, hakungoja hata arobaini.

"Shangazi, wewe ulikuja na ndoo na sufuria," alisema mbele ya wazee. "Ndoo yako hiyo hapo, na sufuria yako ndiyo hiyo."

"Na mwanangu aliyelala kule?"

"Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mama yake hana ukoo hapa. Basi ni mgeni, tumemhifadhi." Kisha, wazee walipokwisha kugeuka, akamsogelea. "Nikikuona kwenye shamba hili nakuvunja miguu."

Wazee walisikia. Walijifanya wanatafuta fimbo zao.

Miaka sita imepita tangu siku hiyo. Wengine wangesema angekwenda tu, kaburi la mwanao nani atakuzuia. Waseme, hawajawahi kumtazama Amon machoni. Costancia alirudi kwenye nyumba za kambi zisizo na wenyewe, akapata panga la kufyekea nyasi, na kaburi likabaki Masanze.

Basi siku moja Mzee Ditram, akinywa maji kivulini chini ya bawa, alisema neno bila kujua uzito wake.

"Nikienda Mikumi napita juu ya Masanze. Mashamba yametandikwa kama mkeka, Mama Loveth. Hata mwanamke anayepalilia unamwona."

Costancia aliweka panga chini. Akamweleza yote, la Hezekia, la Amon, la kaburi. Hakuwa amemweleza mtu mwingine, maana watu ukiwaeleza hukupa pole halafu huenda kucheka. Mzee alisikiliza akiwa ameelekeza sikio lake zima.

"Nitakupitisha juu," alisema. "Lakini siwezi kukupandisha hivi hivi. Hedseti ninayo moja."

Hedseti ni vile vikombe viwili vya kufunika masikio, vyenye kijiti cha kusemea mbele ya mdomo. Yake ilikuwa ya kijani, ya zamani, nzito kama kinu. Mzee alikuwa na sharti: hakuna anayekaa kiti cha mkono wa kulia, cha abiria, bila hedseti. Aliwahi kumpandisha shemeji yake bila hiyo, shemeji akazidiwa na kichefuchefu, akapiga kelele za kufa, na yeye pembeni yake asisikie kitu, akadhani anaimba.

"Daktari ameniambia ninunue mpya, inayoua kelele," alisema. "Nikinunua, hii ya kijani inakuwa ya abiria. Na abiria wa kwanza ni wewe."

Tangu siku hiyo Costancia alianza kusubiri. Kuchagua kwa mtu mwenye nacho huchukua muda mrefu, hakuna njaa inayomkimbiza. Mwezi huu Mzee anasifu aina moja, mwezi ujao nyingine. Alimweleza Costancia, kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kumweleza, kwamba zipo zinazobana masikio tu, na zipo zenye kimashine ndani kinachosikiliza mngurumo wa injini na kuufuta kabla haujakufikia. Zipo nyepesi lakini hazipatani na miwani, mkono wa miwani huacha ufa na kelele ikapenya. Zipo ambazo waya wake hauingii kwenye ndege kama yake. Costancia, asiyejua kusoma jina lake, akazijua zote. Masika yakaja yakapita. Kila alipomwona anashuka, alimtazama kichwani kwanza.

"Mwenzetu bado anasubiri masikio?" Domina alimwuliza.

"Nasubiri."

"Utapaa ukiwa bibi. Chukua chapati, hii imeungua."

Mwaka wa pili wa kusubiri, Mzee akaja na habari. Binti mmoja muuzaji, Happyness, anatoka Dar es Salaam na maboksi mawili, atakuwa Mikumi Alhamisi kuwaonyesha marubani. "Nakuhitaji, Mama Loveth. Lazima mtu akae pembeni aniambie sauti yangu inatokaje. Nikiwauliza marubani watanidanganya kwa adabu."

Mzee akapaa saa tatu asubuhi. Costancia alikuwa ameshaondoka Kilosa alfajiri kwa basi, amekaa juu ya gunia la mtu, maana kiti cha kulia hakikuwa na hedseti. Basi lilipopita njia ya Masanze aliinamisha uso mpaka walipovuka.

Happyness alikuwa msichana mchangamfu, kucha ndefu. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kilemba itabidi utoe. Kitambaa kinaacha upenyo, hutasikia tofauti."

Tangu afiwe, Costancia hakuwahi kuonyesha nywele zake mbele ya mwanamume. Zilikuwa zimekuwa nyeupe bila kumwambia. Akafungua kilemba, akakikunja mapajani, akaingia kiti cha kulia. Mzee akawasha injini. Ndege ilitetemeka, haikwenda popote.

Hedseti ya boksi la kwanza ikamfunika masikio Mzee, na Costancia akavishwa ile ya kijani. "Unanisikia?" Mzee aliuliza, na sauti ikamjia Costancia katikati ya kichwa, karibu kuliko alivyosemeshwa na mtu yeyote miaka sita.

"Nakusikia, Mzee."

Wakabadilishana. Happyness, akiwa amesimama mbali na panga la mbele linalozungushwa na injini, akaonyesha kwa kidole mahali pa kubonyeza. Costancia akabonyeza, na injini ikaondoka. Bado ilikuwa inazunguka mbele ya macho yake, lakini ilikuwa imekwenda kungurumia kijiji kingine. Alisikia pumzi zake mwenyewe. Hakuzipenda.

Boksi la pili lilikuwa jepesi zaidi, laini, na kimya chake kilizidi. Mzee alicheka kwa furaha. "Hii! Hii ndiyo yenyewe! Hata miwani haisumbui!"

Walipozima injini, Happyness alikuwa ameshatoa karatasi ya kuandikia.

"Mzee," Costancia alisema, "mwulize huyu binti betri ikiisha inakuwaje."

"Betri inakaa saa arobaini, mama," Happyness akajibu.

"Sijauliza inakaa saa ngapi. Nimeuliza ikiisha."

Taa yake ya sola imemfunza hilo. Kitu cha betri usikipime kikiwa kizima.

Mzee akamtazama, kisha akawasha tena injini, wakatoa betri za hedseti zote mbili. Ya kwanza, kelele zilirudi kama mvua juu ya bati, lakini sauti ilibaki, dhaifu, ikasikika. Ya pili ilikufa yote. Midomo ya Mzee ilichezacheza na hakuna kilichotoka.

"Juu ya milima ya Kisanga ningekuwa bubu," Mzee alisema waliposhuka. Akachukua ya kwanza.

"Mzee, mama huyu umemtoa wapi?" Happyness alicheka. "Mama, njoo dukani kwetu, nitafukuzwa mimi uajiriwe wewe."

Costancia alikuwa anafunga kilemba chake. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, alikuwa karibu kutabasamu. Alikuwa ameshahesabu: jua bado juu, hakuna wingu, Masanze ipo njiani. Akaenda choo cha kiwanjani, akanawa uso, akapaka mafuta kidogo yaliyokuwa kwenye kichupa, kama mtu anayekwenda kumtembelea mtu.

Aliporudi, Happyness alikuwa anafunga maboksi yake. La mwisho halikufungika vizuri. Kilichokuwa kinajitokeza pembeni kilikuwa cha kijani.

Mzee alimletea noti mkononi. "Nauli hii, na chakula utakula njiani. Umenisaidia sana leo."

"Mzee, ile ya kijani?"

"Kaichukua Happyness. Amenipunguzia bei."

"Ilikuwa ya abiria."

Mzee alibaki na mkono hewani. Ilionekana wazi usoni kwake, vile jambo lilivyomrudia polepole kutoka mbali.

"Loo. Mama Loveth. Nimesahau, haki ya Mungu. Na leo ingewezekana..." Akageuka, akatazama boksi, akatazama Happyness aliyekuwa ameshaanza kuandika risiti. Angeweza kusema neno moja. Mtu aliyezoea kuombwa radhi hajui kurudisha biashara. "Mwakani, Mungu akijalia, natafuta nyingine."

"Sawa."

"Hujakasirika?"

"Sijakasirika, Mzee."

Akapanda, akavaa hedseti yake mpya, akabonyeza. Baada ya hapo hakuna neno ambalo lingemfikia, hata kama Costancia angetaka kulisema.

Basi lilikuwa na nafasi safari hii. Alikaa dirishani. Alitaka kulia, machozi yakakataa, akakasirika nayo pia. Wenye shida huambiwa wasubiri, na yeye amesubiri vizuri, amesubiri kama mtu aliyesomea. Lilipokaribia njia ya Masanze, aliona mguu wake umeshatangulia.

"Shusha!"

Alitembea saa nzima. Hakuwa na panga, hakuwa na fimbo. Alisema moyoni, na anivunje, nitakuwa nimefika. Alipoliona shamba alikaza kilemba, akaingia.

Mwanamke alikuwa anachuma mbaazi. Alikuwa Salome, mke wa Amon, ambaye Costancia alimwacha akiwa bibi harusi. Sasa alikuwa amekonda.

"Shikamoo shangazi," Salome alisema, akiwa amesimama na mbaazi kwenye khanga. "Umekuja kwa miguu?"

"Marahaba. Mumeo yuko wapi?"

"Amon? Amon yuko Morogoro, mwaka wa pili huu. Anaendesha bodaboda, ana mwanamke huko. Shamba kaniachia mimi, hata mbegu hatumi."

Costancia alimtazama. "Mwaka wa pili?"

"Wa pili unakwisha."

"Kwa hiyo hakuna anayelinda."

"Alinde nini, shangazi? Mbaazi hizi?" Salome alicheka kidogo, akaacha. "Sisi tulijua umekataa kuja. Watu walisema Mama Loveth kapata kazi ya ndege, kawa mtu mkubwa, katusahau."

Hakuna hata mmoja aliyemtumia neno. Kilosa na Masanze watu huenda na kurudi kila siku, wanabeba mahindi, wanabeba kuku, wanabeba umbea wa kila namna, na neno moja lile, kwamba Amon hayupo, lilikosa wa kulibeba. Akapita katikati ya mbaazi, akashuka upande wa bondeni.

Palikuwa tambarare. Mbaazi zilikuwa zimepandwa mpaka mwisho.

"Nilisikia kuna kaburi," Salome alisema nyuma yake. "Amon hakunionyesha ni wapi. Ningeliacha, shangazi. Walahi ningeliacha."

Costancia alihesabu hatua kutoka kwenye jiwe la mpaka, upande wa chini, akasimama, akaanza kung'oa miche.

"Hizo zimeshazaa," Salome alisema kwa sauti ndogo.

"Basi chuma."

Wakafanya hivyo, mmoja aking'oa, mwingine akipokea na kuchuma, mpaka pakawa peupe ukubwa wa kitanda cha mtoto. Salome alimpa jembe. Halafu akajitwika mbaazi zake na kwenda kupika. Hakumkaribisha.

Costancia alikusanya udongo, akauinua, akaupigapiga kwa viganja mpaka ukapata umbo. Kisha akakaa kando. Miaka sita alikuwa amemwekea mwanawe maneno mengi, ya kumweleza kila kitu, na sasa alipoyatafuta akakuta yameharibika kwa kukaa.

"Nimechelewa," alisema tu.