Kiraka Kilichofika Bandani kwa Bibi

Safari hii ilitokana na ng'ombe. Mjomba Zakaria alinipigia simu Jumatano kunieleza kwamba Jumatatu mnunuzi angekuja kumchukua Kadogo, ng'ombe wa Bibi. Tangu Bibi apate kiharusi, mkono wake wa kulia umelala, na Mjomba amechoka kukamua.

"Bibi mwenyewe anasemaje?" nikauliza.

"Hasemi kitu. Anakaa tu anamwangalia."

Bibi yangu kukosa la kusema! Hapo ndipo nilipoogopa.

Jumamosi saa moja asubuhi nilitoka nyumbani, Engutoto, nikiwa na kopo la chakula mkononi. Ndani yake mlikuwa na viraka vitatu kutoka maabara ninakofanya kazi. Kiraka chetu ni kipande cha mpira laini, chembamba kama utando unaoganda juu ya maziwa ya moto. Ndani yake kuna nyuzi za madini ya fedha ambazo jicho haliwezi kuziona. Ukikivuta, nyuzi zinateleza moja juu ya nyingine bila kuachana, na umeme unaendelea kupita. Kikibandikwa kwenye ngozi kinasikiliza msuli: ukipata amri kutoka kichwani, hata kama kidole hakijasogea, mstari kwenye simu unaruka. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ametuambia kwamba kama misuli bado inaitika, mazoezi yatasaidia. Nilitaka kujua kabla ya Jumatatu.

Mji mdogo wa Maji ya Chai tulifika saa mbili. Nilikuwa nimepewa lifti na jirani yangu anayepeleka vifaranga Moshi, na njia nzima walitupigia kelele. Tuliposimama kununua ndizi, jirani akachungulia kopo langu.

"Dada, hicho kinaweza kunijulisha kama mke wangu amekasirika?"

"Kwa hilo huhitaji kiraka," nikamwambia. Akacheka mpaka tukafika Kikatiti.

Kutoka Kikatiti nilipanda kwa bodaboda hadi juu kwenye migomba, nikamkuta Bibi kibarazani.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekonda. Mjini hakuna ndizi?"

Nilifurahi kusikia sauti yake. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na kwa kuwa mgeni anakuja, amejipaka mafuta mpaka anang'aa. Nilipombandika mkono wa kulia, kiraka cha kwanza kikateleza kikaanguka kwenye vumbi. Cha pili nacho hivyo hivyo. Kikabaki kimoja. Nikaomba maji ya moto na sabuni ya kipande, nikamsugua mkono.

"Unanibatiza mara ya pili?" akauliza.

Cha tatu kikashika. "Bibi, kunja ngumi." Mstari ukalala. "Tena, Bibi." Ukalala vile vile. "Basi nibane kidole." Hakuna kitu. Bibi akageukia migomba.

"Mkono umekufa, mwanangu. Kunywa chai."

Nilikunywa chai ile. Nilijiona mjinga kuleta matumaini kwenye kopo la chakula. Hata kiraka sikukibandua, sikuwa na moyo.

Saa kumi jioni tukaenda bandani. Mjomba alikaa kwenye kigoda akaanza kuvuta chuchu, na Kadogo akapiga teke ndoo.

"Zakaria!" Bibi alifoka. "Hiyo siyo kamba ya kengele! Bana juu kwanza, halafu shusha!"

Simu yangu ilikuwa bado wazi. Mstari uliruka.

"Bibi, mwambie tena!"

"Nimwambie nini mtu asiyesikia? Bana! Shusha!"

Ukaruka tena, na tena, kila aliposema bana. Nikampelekea Mjomba simu. Akaitazama.

"Huu ni mkono wa nani?"

"Wa mama yako."

Mjomba akainuka kwenye kigoda bila kuambiwa. Tukamkalisha Bibi, nikamwekea mkono wa kulia kwenye chuchu. Vidole vikajikunja kidogo sana, na matone matatu yakaanguka kwenye kikombe nilichokinga. Nililia mbele ya ng'ombe wala sikuona aibu. Mjomba alitoka nje kumpigia simu mnunuzi kumwambia asije.

"Kiraka hakiponyi, Bibi," nikamweleza. "Kinaonyesha tu. Kazi ni mazoezi."

"Mimi sikuhitaji kuonyeshwa," akajibu, yeye yule yule aliyeniambia mchana kwamba mkono umekufa. "Aliyehitaji ni Zakaria."

Jumapili baada ya ibada nilirudi mjini na chupa ya mtindi. Maabara niliwaeleza wenzangu nilichojifunza: tusianze kwa kumwambia mgonjwa akunje ngumi. Tumuulize kwanza mkono wake ulikuwa unafanya kazi gani. Tumeongeza swali hilo kwenye fomu, na la mafuta pia.

Juzi Mjomba alinipigia simu tena. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa.

"Leo amejaza kikombe kwa mkono ule ule," alisema. "Na mimi nimefukuzwa bandani."