Nilivyojiita Mtu wa Ndani

Jumamosi iliyopita nilikwenda Kingolwira kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wangu. Baada ya shikamoo na chai, baba yake, askari magereza mstaafu, akauliza kwa nini sukari imeadimika. Mimi ni karani wa kiwanda cha sukari, ila hilo sikulitaja. Nikajikweza tu: "Mzee, hayo nayajua. Mimi ni mtu wa ndani."

Akaacha kutafuna. "Uliingiaje?"

"Nilihangaika sana, mjomba akanisaidia."

"Naye yumo?"

"Yumo! Ukoo wetu karibu wote tumepita ndani."

Mama mkwe akauvuta mkoba wake. Nikadhani nimewavutia, nikaahidi kumwingiza na binti yao.

Mzee akasimama. "Kijana, nimelinda wafungwa maisha yangu yote. Sijaona anayeringia jela namna hii!"

Mchumba wangu alikuwa ameshajifunika khanga usoni.