Mlango wa Upande wa Mto

Nilipoolewa na kupelekwa kando ya Ruvu, palikuwa na nyumba nne tu. Ya kwanza aliijenga babu wa mume wangu, mkulima wa mpunga aliyeshuka kutoka upande wa Msata. Ya pili ilikuwa ya mvushaji, na mbili za mwisho za wavuvi wa kambare. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha karibuni, na kaniki mpya bado ilikuwa adimu.

Niliingia ile nyumba ya kwanza. Asubuhi ya pili nilitaka kumwaga majivu, nikautafuta mlango wa uani nisiuone. Mahali pake palikuwa na ukuta, udongo wake mwekundu kuliko wa pande nyingine. Ilinibidi nipite barazani na ungo wa majivu, wanaume wamekaa, nami bibi harusi wa siku mbili. Niliona haya mpaka machozi yakanilenga.

"Mama, mlango wa nyuma uko wapi?" nilimwuliza mama mkwe.

"Umelala," alisema. "Usiuamshe."

Mke wa mvushaji ndiye aliyenieleza. Mama mkwe alikuwa na binti, wifi yangu ambaye sikumwona. Alasiri moja, akiwa na umri wa miaka kumi hivi, alitokea mlango ule kwenda kuteka maji. Mamba alimchukua. Mtungi ulikutwa umesimama mchangani, umejaa. Maiti haikupatikana, wala kaburi halikuchimbwa. Wiki ile ile mama mkwe alikata fito, akakanda udongo, akauziba mlango kwa mikono yake, na hakuna aliyethubutu kumsaidia wala kumzuia.

Kila alasiri alitandika mkeka mbele ya ukuta ule, akasuka ukili. Nikiwa jikoni nilimsikia akinong'ona. Siku moja nilisikia wazi: "Umechelewa leo." Nilimweleza mume wangu, akajibu kwamba mama alikuwa hivyo tangu zamani. Nikazoea. Hata mimi, nikipita hapo peke yangu, nilipunguza hatua, kama mtu apitaye karibu na aliyelala.

Masika ya mwaka wa tatu mto ulivunja kingo huko juu. Maji hayakuja moja kwa moja kutoka mtoni nyuma ya nyumba. Yaliingia kupitia mashamba ya mpunga, kwa mlango wa mbele, baada ya sala ya adhuhuri. Mara yakafika magotini, mara kiunoni. Mume wangu alijaribu kutoka, mkondo ukamrudisha ndani. Nyuma ya nyumba, ukingo wa mto ulikuwa bado mkavu kwa sababu uliinuka. Tukamsikia mvushaji akipiga kelele upande ule.

"Tokeni huku! Nina mtumbwi!"

"Hakuna mlango!" mume wangu alijibu.

Mama mkwe alikuwa ameuegemea ukuta, mikono ameitanua. Mume wangu alishika mchi, akasimama mbele yake asijue la kufanya. "Mama, tafadhali," alisema. Mama mkwe alimtazama, kisha akamnyang'anya ule mchi. Akageuka, akaweka kiganja juu ya udongo.

"Mwanangu, nipishe," aliuambia ukuta.

Akapiga. Pigo la nne fito zilikatika, mwanga ukaingia.

Tulipanda mtumbwini watu watatu. Mama mkwe alijibana pembeni, akaacha nafasi ya mtu kando yake. Mvushaji aliiona nafasi ile. Nguo zetu zilikuwa zinachuruzika, mtumbwi ulikuwa mdogo, nami nilikuwa nimechuchumaa juu ya miguu ya mume wangu. Lakini hakuna aliyesema nikae pale.

Nyumba zote nne zilianguka. Tulihamia juu, kwenye mwinuko ambako wajukuu zetu wanakaa mpaka leo. Mama mkwe hakunong'ona tena. Nilidhani ningefarijika, kumbe ukimya wake ulinitisha zaidi. Alikaa alasiri nzima akitazama watu wakija kutoka mtoni, akiwahesabu kwa macho.

Mwaka uliofuata nilijifungua binti. Mume wangu akampa jina la dada yake, nami nikakubali. Mama mkwe alimpenda mtoto yule, alimbeba mgongoni mpaka alipokuwa mzito. Ila jina lile hakulitamka. Alimwita "mgeni", asubuhi na jioni, mpaka siku aliyofariki.