Alama Tisini na Nane

Njia nzima melini kutoka kwao Iloilo, Maricel alijizoeza kuwaamkia wakwe: kichwa chini, mkono wa mzee kwenye paji la uso. Kumbe alijisumbua bure. Kufika Tondo, mtaani kwa wakwe, hata begi hajatua, baba mkwe, Mzee Efren, akamtia maikrofoni mkononi mbele ya ukoo mzima na majirani waliojazana mlangoni.

"Imba, mwanangu! Hapa kwetu hakuna kula tambi bila kuimba."

"Baba, mimi sauti sina."

"Nani kakuuliza sauti? Imba!"

Maricel akafumba macho, akaimba. Mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Mumewe, Jojo, akajificha nyuma ya friji, mbavu hana kwa kicheko. Wimbo ulipoisha, mashine ya karaoke ikapiga tarumbeta, ikatoa alama za mwimbaji: tisini na nane kwa mia! Watu wakamnyanyua juu juu kama bibi harusi.

Mzee Efren peke yake alinuna. Bingwa wa nyumba miaka kumi na mbili, hajawahi kuvuka tisini na tano.

"Mashine imeharibika hii!" akafoka, akichomoa waya.

Mama mkwe akampa Maricel sahani ya tambi.

"Imeharibika zamani, Baba Jojo. Wewe hizo tisini na tano ulidhani unazipataje?"