Kibuyu Kilichooshwa kwa Sabuni

Tulipomzika mama, mimi na dadangu hatukugombania chochote, kwa sababu kitu pekee tulichokitaka wote wawili kilikuwa tayari kwenye makumbusho. Ni kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya kugandisha yanayotiwa mkaa wa mti wa senetwet. Alikipeleka huko mwenyewe, alipohama Moiben kuja kukaa nami hapa Eldoret na kukuta nina friji.

Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili tu: plau ya ng'ombe, cherehani, taipureta, na picha za walowezi waliokatazwa kucheka. Hatukwenda kutazama. Tulikwenda kunusa. Moshi wa jikoni kwake ulikuwa umebaki ndani ya kibuyu kile, na hatukuwa na mahali pengine pa kuutafuta.

Mama anayetunza vyumba hivyo, mwenyeji wa upande wa ziwa, alitufungulia kabati. Kibuyu kiling'aa kama kiatu cha mchungaji.

"Tulikiosha vizuri na sabuni," alisema kwa fahari, "kisha tukakipiga vanishi."

"Mkakiosha?" dadangu aliuliza. Kibuyu cha mursik hakiguswi na sabuni. Husuguliwa ndani kwa kijinga cha moto, basi.

"Si mama yenu alituambia mwenyewe? 'Hii kitu inanuka sana, hata mkifunga mlango mtaisikia.' Tukasema, wacha tumsitiri mama wa watu."

Nilicheka, kicheko kibaya. Nina digrii ya Kiswahili. Nusu ya maisha yangu nimekuwa nikitenganisha kunuka na kunukia kwa kalamu nyekundu, katika madaftari ya watoto wa watu. Mama alikuwa na neno moja tu. Kwake chapati zilinuka, mvua ya kwanza ilinuka, mjukuu aliyetoka kuogeshwa alinuka. Siku ile alikuwa akijisifu.

Nilipoeleza, yule mama alishika mdomo. "Woi! Kumbe alikuwa anakisifu? Poleni jamani."

Dadangu alikuwa ameshang'oa kifuniko. Nilinusa kwanza mimi: vanishi. Nikampa. Akaingiza pua mdomoni mwa kibuyu, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka nikamgusa bega.

"Twende, dada."

"Ngoja," alisema, sauti ikitokea ndani ya kibuyu. "Pengine moshi uko huko chini kabisa."