Kibao Cheupe Juu ya Bati

Nimepanga vyumba katika miji mingi, lakini ni katika nyumba moja tu nilipokuta maikrowevu ikipasha vipande vya plastiki.

Mwenye nyumba alikuwa fundi bomba. Mchana alizibua mifereji ya watu. Jumamosi alasiri alikaa stoo, mbele ya redio aliyoiunda mwenyewe, akizungumza na kaka yake, mpima hali ya hewa kwenye kisiwa kisicho na simu. Antena yake ilikuwa waya mrefu uliovutwa kutoka kwenye mlingoti hadi ukingo wa paa. Kila mwisho wa waya ulishikwa na kipande cha plastiki, ili umeme usivujie kwenye kamba na bati.

Kukichagua kipande hicho kulimnyima raha. Nailoni hunywa maji ya mvua, aliniambia, na nyingine jua huzipasua. Kwa hiyo kila plastiki aliyoiokota aliitia kwenye maikrowevu pamoja na glasi ya maji ya kuilinda mashine. Ikitoka na joto, basi inameza mawimbi, na kwa antena haifai.

"Wenzangu wanapasha viporo," mkewe alinilalamikia, "mimi napashiwa takataka."

Wiki moja mama wa ndugu hao wawili, aliyeishi na fundi na mkewe, alikuwa anasubiri upasuaji wa koo siku ya Jumatatu. Daktari hakumficha: sauti huenda isirudi. Mama aliomba jambo moja tu, azungumze na mwanawe mkubwa kabla ya hapo.

Fundi akafumua antena yote na kuifunga upya. Kwenye miisho aliweka vipande vya bomba jeusi, na hakuvipima. "Bomba jeusi nimelianika juani miaka yote ya kazi," alisema. "Halijawahi kuniangusha."

Jumamosi mama alikaa mbele ya kipaza sauti, amevaa nguo yake ya kutokea. Sauti ya kaka ikaja kwa mbali: "Siwasikii vizuri, ongeza nguvu!" Fundi akaongeza. Punde si punde, redio ikabaki inakoroma.

Tulitoka nje. Kipande kimoja kilikuwa kimelainika na kuachia, waya umelala juu ya bati. Fundi alikata kipande kingine cha bomba lilelile, akakitia kwenye maikrowevu. Kilitoka cha moto hata akakitupa chini.

"Weusi wake ni masizi," alisema, akakaa juu ya ndoo. "Masizi yanapitisha umeme. Na nilikuwa najua!"

Kaka yake husubiri hewani hadi saa kumi na moja, kisha huzima kutunza betri. Saa kumi ilishapita.

Mke wa fundi aliingia jikoni. Alirudi na kibao chake cheupe cha plastiki cha kukatia mboga, bado kina maganda ya vitunguu.

"Hiki ulikipima ukasema hakikupata joto hata chembe. Ndiyo maana nilikuwa nakificha."

"Mama watoto, hicho si chako?"

"Kata kabla sijabadili mawazo."

"Kioshe kwanza, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Huyo wa kisiwani asije akalia bure."

Msumeno ulilia, matundu yakatobolewa, na fundi akapanda ngazi mbiombio kama kijana. Aliposhuka na kuwasha redio, sauti ya kaka ikaja, safi.

"Mama?"

"Nipo. Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Ndevu umenyoa?"

"Nimenyoa."

"Muongo. Nasikia zinavyokwaruza."

Walicheka, kisha wakaongea polepole mpaka betri ya kisiwani ikachoka. Mama alimshika mkwewe mkono wenye harufu ya vitunguu, akauweka shavuni, na hakuuachia kwa muda mrefu.

Upasuaji ulikwenda salama, lakini sauti iliyobaki ni mnong'ono ambao redio haiwezi kuudaka. Fundi alimchongea mkewe kibao cha mbao, kizuri mno, akanung'unikiwa kwamba ni kizito. Vile vipande vyeupe, anasema, navyo jua litavipasua, itabidi kuvibadilisha. "Usinitazame mimi," mkewe humjibu.

Nilipopita tena mjini pale ilikuwa Jumamosi. Mama alikuwa kitini pake. Aligonga kipaza sauti mara mbili kwa ukucha, akatega sikio.

"Nimekula, mama," kisiwa kikajibu. "Na ndevu nimenyoa."

Akagonga tena, kwa nguvu zaidi.

"Haya basi," sauti ikacheka. "Nitanyoa kesho."