Alisema kweli, mdogo wake akafukuzwa kazi

Saa tatu asubuhi duka la steshenari limeshajaa. Mashine ya fotokopi inaunguruma karibu na mlango, na nyuma ya rafu ya madaftari mwanamke wa miaka arobaini na minne anamchapia mteja barua ya kuomba uhamisho. Kwenye kompyuta hiyohiyo amefungua pia taarifa ya wizara ya mambo ya nje ya nchi jirani, iliyotoka asubuhi hii. Anachapa sentensi mbili za mteja, anasoma aya moja ya jirani, anarudi kwa mteja.

"Hapa, mbali na pesa za wateja, nalipwa kwa umeme na intaneti," anasema bila kugeuka. "Na chai. Mwenye duka si mchoyo wa chai."

Wasomaji wa blogu yake wanamwita Bi Mpaka, kwa kuwa anaandika habari za mipaka, mikataba na vikao vya majirani. Wasiompenda humwandikia chini ya makala: "Mpaka lini?" Naye huwajibu: "Mpaka mseme kweli."

Kabla ya blogu alikuwa gazetini, mhariri wa ukurasa wa habari za kimataifa. Siku moja ukurasa ukaondolewa, nafasi yake wakapewa watabiri wa mechi za kamari. Naye akaondoka na ukurasa wake.

"Watu wanadhani diplomasia ni mambo ya wenye suti," anasema. "Wakubwa wakipeana mikono, muuza nyanya ndiye anayengoja kujua kama lori lake litapita."

Matangazo ya blogu hayafikishi hata theluthi ya kodi ya chumba chake. Inayobaki inalipwa na barua anazowachapia watu.

Lakini kinachomuumiza si umaskini, ni habari moja aliyoipata sawasawa.

Mwaka jana mpaka kati ya nchi yake na jirani ulikuwa umefungwa kwa ugomvi wa ushuru. Ijumaa moja redio ikatangaza kuwa makubaliano yamefikiwa na malori yataanza kuvuka Jumatatu. Kesho yake mtu aliyekuwa ndani ya chumba cha mazungumzo akampigia simu. Hakuna kilichosainiwa. Ujumbe wa jirani ulikuwa umeinuka mezani na kuondoka.

Alimtafuta ofisa wa upande wa pili. Ofisa akasikiliza hadi mwisho, kisha akakata simu bila kukanusha. Bi Mpaka akaandika yote: nani alisema nini, nani aliinuka, kalamu zilibaki wapi.

Jumatatu lango halikufunguliwa. Waliosoma blogu walikuwa wamezuia mizigo yao nyumbani. Walioamini redio, nyanya zao ziliozea kwenye foleni.

Wizara ya mambo ya nje ya nchi yake ilimwita mzushi. Wiki iliyofuata msemaji wake akasema "mazungumzo bado yanaendelea", basi, yakaishia hapo. Gazeti lake la zamani liliichukua habari nzima, likaandika kuwa limeipata kwa "vyanzo vyetu".

"Vyanzo vyao ni mimi," anasema, na kucheka kicheko kisicho na raha.

Kisha akaanza kutafutwa aliyevujisha. Mdogo wake Bi Mpaka alikuwa dereva wa wizara, na ndiye aliyempeleka mkuu wa ujumbe kwenye mazungumzo. Dada mwandishi, kaka dereva. Wachunguzi walijumlisha moja na moja, na barua ya kumwachisha kazi ikatoka.

Familia ilikutana sebuleni kwa mama yao. Mdogo mtu hakukaa.

"Dada, sema mbele ya mama. Ni mimi niliyekwambia?"

"Si wewe."

"Basi nenda kawaambie wao."

Akaenda. Ofisa utumishi alimkaribisha vizuri, akamvutia kiti, akamsikiliza. Kisha akamuuliza swali ambalo Bi Mpaka anasema alilijua tangu yuko kwenye ngazi.

"Kama si yeye, ni nani? Taja jina moja tu, dada yangu. Mdogo wako anarudi kazini kesho."

Ofisa akaangalia saa yake. Bi Mpaka akainuka na kuaga.

Nyumbani, aliyesema neno linalomchoma hadi leo hakuwa mdogo wake. Alikuwa wifi yake, mama wa watoto watatu, aliyekuwa akikunja nguo za shule.

"Wifi, huyo mtu unamficha vizuri. Na sisi ungetuficha hivyo."

Mama yao alikuwepo, akasikia, wala hakumkemea mkwewe. "Mama yangu ana neno kwa kila kitu," anasema Bi Mpaka. "Siku ile alitazama ukuta."

Kuhusu huyo aliyempigia simu, hasemi zaidi. "Bahati nzuri lugha yetu ina 'yeye' tu. Huwezi hata kujua kama ni mwanamume au mwanamke." Anachokubali kusema ni kwamba mtu huyo alipandishwa cheo, akapelekwa ubalozini nje, na tangu hapo hapokei simu zake. Salamu za mwisho alizomtumia hazikujibiwa.

Namuuliza kwa nini basi asimtaje, kama mwenyewe amemtupa.

Anaacha kuchapa. "Sikumpa ahadi kwa sababu ni mtu mwema. Nilimpa kwa sababu aliiomba."

Nilimpigia simu mdogo wake, ambaye sasa anabeba saruji kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alinijibu kwa adabu. "Dada ninaye. Huyo wa kwenye mtandao simjui."

Wiki iliyopita nafasi yake ilitangazwa: dereva, wizarani, uzoefu wa miaka mitano. Watu wanne wamekuja dukani kuchapiwa maombi. Bi Mpaka aliwachapia wote. Mmoja aliandika "uzowefu", akamsahihishia.

"Nifanyeje? Nao wana watoto."

Hasira yake haielekei wizarani tu. Anawakumbuka wafanyabiashara aliowaokolea mizigo. Walimpongeza kwenye simu, lakini alipowaomba watatu waende wakamsemee mdogo wake, mmoja alisafiri, mwingine aliugua, wa tatu alimwambia wazi kuwa leseni yake inatoka serikalini. "Kweli wanaipenda," anasema, "ila iwe inatoka kwa jirani."

Sasa amempata wakili aliyekubali kusimamia kesi ya mdogo wake bure, kwa hoja kwamba alifukuzwa bila kusikilizwa. Tatizo ni moja: mlalamikaji lazima awe mdogo mtu mwenyewe, naye hataki kitu chochote kinachopitia mikononi mwa dada yake. Mara mbili amemrudisha mlangoni. Jumapili hii Bi Mpaka anakwenda tena, na safari hii mama yao amesema atamsindikiza. Hakusema atazungumza. Alisema atamsindikiza.

Mwezi ujao mazungumzo ya ushuru yanaanza upya, na Bi Mpaka atayaandika, awe na mtu ndani ya chumba au asiwe naye.

Lakini hilo, anasema, silo analoliombea.

"Naomba mdogo wangu ashinde arudi kwenye usukani. Asiponisalimia, sawa. Nitakuwa nimesimama barabarani, ananipita bila kunitazama, na mimi nitajua anakwenda kazini."